Bakteria Wanavyokwepa Kinga ya Mwili, na Sababu ya Dozi Kuhesabiwa kwa Siku

SOMO LA NNE

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza namna mwili unavyojilinda dhidi ya bakteria waletao maradhi;
- kutaja mbinu tatu ambazo bakteria huzitumia kuukwepa ulinzi huo;
- kueleza kwa nini kupata nafuu si sawa na kupona, na
- kutumia antibiotiki kwa namna isiyomdhuru yeye wala jirani zake.

Utangulizi

Katika somo lililotangulia tulieleza tofauti kati ya maradhi yaletwayo na virusi na yale yaletwayo na bakteria, tukaonya kwamba antibiotiki haziui virusi. Somo hili linajibu swali linaloulizwa mara kwa mara katika maduka ya dawa: ikiwa mwili una kinga yake, na dawa imekwisha kunipa nafuu, kwa nini niendelee kumeza vidonge?

Tumfikirie mteja anayeingia jioni katika duka la dawa muhimu pale Ngamiani, jijini Tanga. Koo linamuuma, na fedha aliyonayo haitoshi dozi nzima. Anaomba “rangi mbili, nne tu.” Anameza mbili usiku na mbili asubuhi, maumivu yanapungua, naye anakwenda kazini akiamini kwamba amepona. Huenda ni kweli: maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na yangekwisha yenyewe hata bila kapsuli hizo. Lakini siku atakapopatwa na bakteria wanaojua kujificha, kapsuli nne hazitamponya. Zitaidhoofisha sehemu ya jeshi la adui, na kuwaacha wale waliojificha vizuri zaidi.

Ili kuona jinsi jambo hilo linavyotokea, hatuna budi kuanza na ulinzi wenyewe.

Ulinzi wa mwili

Mwili una ngome tatu. Ya kwanza ni ukuta wa nje: ngozi, ute wa puani na kooni, machozi, na asidi iliyomo tumboni. Bakteria wengi huishia hapo.

Ngome ya pili ni walinzi wa doria. Hawa ni seli nyeupe zinazozunguka katika damu na katika nyama za mwili. Zikikutana na bakteria, huzitambua alama fulani zilizo juu ya gamba lake, alama ambazo mwili wa binadamu hauna. Hapo hupiga king’ora, eneo likavimba na kupata joto, kisha humzingira bakteria, humeza na kumwua kwa asidi na vimeng’enya. Usaha unaouona katika kidonda ni, kwa sehemu kubwa, mabaki ya walinzi hao waliokufa kazini.

Ngome ya tatu huchelewa kuanza, lakini shabaha yake ni kali. Baada ya siku kadhaa mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazolingana na umbo la adui mmoja mahsusi kama ufunguo unavyolingana na kufuli yake. Kingamwili humshika bakteria, zikamtia alama ili walinzi wammeze kwa urahisi. Adui akiisha kushindwa, kumbukumbu yake hubaki, na akirudi hupokewa na jeshi lililo tayari. Chanjo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: huufundisha mwili sura ya adui kabla hajafika.

Kwa hiyo kinga hutegemea mambo matatu: kumtambua adui, kumfikia, na kumwua. Bakteria waletao maradhi makali ni wale walioweza kuharibu mojawapo ya mambo hayo. Tutatazama mifano mitatu, wa kwanza ukiwa umetokea katika milima ya mkoa wetu wenyewe.

Mbinu ya kwanza: kuzima king’ora na kuwalemaza walinzi

Wakazi wa Lushoto wenye umri wa kutosha hawahitaji kuelezwa tauni ni nini. Ugonjwa huo uliripotiwa katika milima ya Usambara Magharibi mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata uliendelea kuzuka katika vijiji vya wilaya hiyo. Maelfu ya watu waliugua na mamia walifariki. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walitumia miaka mingi wakichunguza panya na viroboto wa nyumba na mashamba ya huko.

Bakteria wa tauni aligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Huishi katika panya, na kiroboto humhamisha kutoka panya hadi kwa mtu. Mbinu yake huanza na jambo dogo sana, nalo ni joto. Ndani ya kiroboto, bakteria huyu huishi katika joto la nyuzi 20 hadi 26 hivi. Akiingizwa katika damu ya binadamu hujikuta katika nyuzi 37, na badiliko hilo humjulisha kwamba amehamia nyumba nyingine. Hapo hubadilisha mafuta yaliyo juu ya gamba lake, na zile alama ambazo walinzi wa doria huzitazamia hazionekani tena vizuri. King’ora hakilii kama inavyopasa.

Haishii hapo. Walinzi wachache wanaomkaribia huchomwa kwa kitu mfano wa sindano, ambacho bakteria hukitumia kupenyeza protini ndani yao. Protini hizo humlemaza mlinzi asiweze kumeza wala kuwaita wenzake. Bakteria husafiri hadi kwenye tezi za kinena, kwapa au shingo, akazaliana humo. Tezi huvimba na kuuma sana. Huo ndio mtoki wa tauni. Mwili unapokuja kugundua kwamba umevamiwa, adui amekwisha kuwa wengi mno.

Kwa sababu hiyo tauni hukimbia kuliko kinga. Dalili hujitokeza kati ya siku 1 na 7 baada ya kuumwa na kiroboto. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila wagonjwa 100. Ile iliyofika mapafuni, isipotibiwa mapema, huua karibu kila anayeipata. Hata hivyo dawa zipo, nazo hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema. Kwa tauni ya mapafu tunazungumzia saa 24 za kwanza tangu dalili kuonekana.

Hapa pana funzo kwa mtumiaji wa dawa. Penisilini, ambayo watu wengi huiamini kwa kila homa, haitibu tauni. Mtu aliyeanza kwa kununua dawa ya kubahatisha, akasubiri siku mbili aone kama itamfaa, amepoteza muda ambao hauwezi kurudishwa. Homa kali pamoja na mtoki unaouma, hasa mahali panya wanapokufa ovyo, si jambo la kupelekwa dukani. Ni la kupelekwa kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Mbinu ya pili: kubadili vazi

Mfano wa pili unatutoa Tanga na kutupeleka katikati ya nchi, ingawa jina la ugonjwa linafahamika kila mahali. Papasi ni kupe laini anayeishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani kabla mtu hajaamka. Baadhi yao hubeba bakteria mwembamba aliyejipinda kama parafujo, aletaye homa ya papasi. Mwaka 1905 Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu nchini Kongo, alifariki Kasongo baada ya kuupata. Bakteria huyo amepewa jina lake. Mwaka huo huo Robert Koch aliuchunguza katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wajerumani, akaonyesha kwamba papasi jike huweza kuwarithisha bakteria hao watoto wake kupitia mayai. Katika miaka ya karibuni ugonjwa umechunguzwa sana Mvumi, mkoani Dodoma, ambako umewadhuru hasa wajawazito na watoto wachanga.

Mwenendo wa homa hii ni wa ajabu. Mgonjwa hushikwa na homa kali kwa siku tatu hivi, kichwa na viungo vikamuuma. Kisha hutokwa na jasho jingi na homa ikashuka. Hula, hutembea, hushukuru. Baada ya wiki moja hivi homa hurudi, na huweza kurudi tena na tena.

Sababu ni vazi. Bakteria huyu amevikwa protini fulani juu ya gamba lake. Homa ya kwanza inapopanda, mwili hutengeneza kingamwili zinazolingana na protini hiyo, nazo huwafyeka bakteria karibu wote. Hiyo ndiyo nafuu. Lakini bakteria huyu ana akiba ya mavazi: katika vinasaba vyake zimehifadhiwa nakala nyingi za protini hiyo, kila moja ikiwa na umbo lake. Wachache waliokwisha kubadili vazi hawatambuliwi na kingamwili zile. Hao huzaliana kimya kimya mgonjwa akiwa amekwisha kurudi shambani, na wanapokuwa wengi homa hupanda upya. Mwili hulazimika kuanza kazi mwanzo.

Wahenga walisema, ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Homa iliyoshuka si lazima iwe homa iliyokwisha. Hapa kinga ya mwili haikushindwa kupigana. Ilipigana na kushinda, isipokuwa ilimshinda adui wa jana.

Katika pwani yetu, ambako kila homa hudhaniwa kuwa malaria, jambo hili lina uzito wake. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi bakteria hawa. Huonekana damu inapotazamwa kwa hadubini. Mtu aliyelala katika nyumba ya udongo safarini, akapata homa iendayo na kurudi, amweleze mhudumu wa afya habari za safari yake bila kungoja kuulizwa.

Yako mambo mengine mawili. Kwanza, saa chache baada ya kumeza dawa ya kwanza ya homa hii, mgonjwa huweza kutetemeka na homa kupanda kuliko awali. Hali hiyo hutokea kwa sababu bakteria wengi hufa kwa pamoja, na mabaki yao huuchokoza mwili. Huweza kuwa kali, ndiyo maana dozi ya kwanza yafaa itolewe kituoni chini ya uangalizi. Mgonjwa asidhani dawa ni mbovu akaitupa. Pili, baadhi ya dawa zinazotibu homa hii hazimfai mjamzito wala mtoto mdogo. Uchaguzi wake ni wa mtaalamu.

Mbinu ya tatu: kujificha ndani ya askari

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna bakteria anayestahili methali hiyo kuliko yule wa kifua kikuu, ambaye ugunduzi wake ulitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882.

Bakteria huyu huingia kwa hewa hadi ndani kabisa ya mapafu. Mlinzi wa doria humkuta na kummeza, kama ilivyo desturi. Kwa kawaida bakteria aliyemezwa hukaa katika kifuko, na kifuko hicho huungana na kingine chenye asidi na vimeng’enya, hapo ndipo huuawa. Bakteria wa kifua kikuu huzuia vifuko hivyo visiungane. Akiwa amezungukwa na gamba lenye nta, hukaa ndani ya askari aliyetumwa kumwua, akala na kuzaliana humo. Kingamwili zinazozunguka katika damu haziwezi kumfikia kwa urahisi.

Mwili, ukishindwa kumwua, humjengea boma: seli nyingi hujikusanya kumzunguka na kumfungia. Bakteria hupunguza shughuli zake, akawa kama amelala. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu. Wengi hawaugui kamwe. Ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaougua wakati fulani wa maisha yao. Lakini boma likilegea kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, utapiamlo, kisukari au uzee, aliyelala huamka.

Tabia hiyo inaeleza urefu wa tiba. Antibiotiki nyingi humpiga bakteria anapokua na kugawanyika. Bakteria wa kawaida wa utumbo, katika mazingira mazuri, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Wa kifua kikuu huchukua saa 20 hivi, na aliyelala huchukua muda mrefu zaidi. Dawa haina budi kumngojea mlangoni mpaka aamke.

Ndiyo maana tiba ya kawaida ya kifua kikuu kwa mtu mzima huchukua miezi 6: miezi 2 ya kwanza kwa dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 kwa rifampisini na isoniazidi. Wiki chache tu baada ya kuanza, kikohozi hupungua na hamu ya chakula hurudi, kwa kuwa bakteria waliokuwa macho wamekufa. Huo ndio wakati wa hatari. Mvuvi wa Pangani anayejisikia mzima mwezi wa pili huona haja ya kwenda baharini kuwa kubwa kuliko haja ya kwenda kliniki. Akiacha, waliolala huamka bila kizuizi.

Tanzania ina historia ya heshima katika jambo hili. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Dkt. Karel Styblo. Mpango huo ulionyesha kwamba nchi isiyo na utajiri inaweza kuponya wagonjwa wengi, mradi dawa zipatikane bila kukatika, mgonjwa asimamiwe anapomeza, na maendeleo yake yaandikwe daftarini mpaka mwisho. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kanuni hizo kwa mataifa mengine. Siri yake haikuwa dawa mpya, bali uvumilivu uliopangwa.

Muda ni sehemu ya dawa

Mifano hii mitatu inatufundisha jambo moja. Dawa haifanyi kazi peke yake. Husaidiana na kinga ya mwili, na muda wake hupangwa kulingana na hila ya adui. Kwa tauni, muda maana yake ni haraka. Kwa homa ya papasi, maana yake ni kutodanganywa na nafuu. Kwa kifua kikuu, maana yake ni subira ya miezi.

Hatusemi kwamba dozi ndefu ni bora daima. Yako maradhi ambayo utafiti umeonyesha kuwa siku chache zinatosha, na kurefusha dozi kiholela huua bakteria wema walio tumboni. Daktari anaweza kumwandikia mmoja siku 3 na mwingine siku 7, wote kwa haki. Tunachosema ni kwamba idadi ya siku imehesabiwa kwa sababu. Ukiona dawa inakusumbua au unadhani umepona mapema, rudi ukaulize. Usikate shauri peke yako.

Anayekatiza dozi pia hajidhuru mwenyewe tu. Bakteria waliobaki baada ya dawa pungufu huweza kuwa wale wanaoistahimili, na uzao wao hurithi ustahimilivu huo. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hospitali ya Kibong’oto, wilayani Siha, imekuwa ikitibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009. Kwa miaka mingi tiba hiyo ilichukua miezi 18 au zaidi, kwa dawa zenye madhara makali. Tiba fupi zaidi zimepatikana hivi karibuni. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu akikohoa, anayemwambukiza humpa bakteria aliyekwisha kuwa sugu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Yakupasayo kufanya

1. Nunua antibiotiki kwa cheti cha daktari, katika famasi au duka la dawa lililosajiliwa. Usinunue kwenye basi, gulioni wala kwa mchuuzi.
2. Usinunue nusu ya dozi. Fedha isipotosha, mweleze mhudumu. Huenda ipo dawa nyingine ifaayo ya bei nafuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.
3. Kagua pakiti: jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa bandia au iliyopunjwa kiini huwafanyia bakteria kazi ile ile inayofanywa na dozi iliyokatizwa. Ukiitilia shaka, usiimeze. Ipeleke ulikoinunua au katika kituo cha afya, utoe taarifa.
4. Usimwage unga wa kapsuli juu ya kidonda. Kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha huonyeshwa kwa mhudumu.
5. Usimpe mwingine dawa uliyoandikiwa wewe, wala usiweke masalio kwa homa ijayo.
6. Hakikisha watoto wamepata chanjo zote. Chanjo ya BCG, itolewayo mara baada ya kuzaliwa, humkinga mtoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu.

Maswali ya kujipima

1. Kinga ya mwili hutegemea mambo gani matatu?
2. Eleza kwa nini homa ya papasi hurudi baada ya mgonjwa kupata nafuu.
3. Ndugu yako anatibiwa kifua kikuu. Mwezi wa pili anasema, “Mimi nimepona, vidonge hivi nitampa jirani anayekohoa.” Taja makosa mawili katika maneno yake, na umweleze kila moja kwa kutumia uliyojifunza.
4. Kabla hujalala leo, fungua kabati au mkoba unamowekwa dawa nyumbani kwako. Ukikuta kapsuli zilizobaki, jiulize zilibaki kutokana na dozi gani, na kwa nini. Kisha zipeleke katika famasi au kituo cha afya kilicho karibu, uulize namna ya kuziteketeza kwa usalama.